Kwenda Idjwi na marafiki: kisiwa kwanza, maporomoko baadaye

Mimi ni mwalimu wa jiografia hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, na kwa miaka minane nilifundisha kisiwa cha Idjwi bila kukikanyaga. Nilikichora ubaoni kwa chaki, kirefu kama samaki aliyelala katikati ya ziwa Kivu, nikawaambia watoto kwamba kati ya visiwa vya maziwa ya Afrika ni cha pili kwa ukubwa baada ya Ukerewe ya Tanzania. Siku moja mtoto wa nyuma kabisa akanyoosha kidole: "Madamu, kando yake kuna mchanga ao kuna mawe?" Nikamjibu kwamba hilo si la mtihani. Jioni ile nilipeleka swali lake kwenye likelemba yetu, kikundi chetu cha kuchangiana pesa, watu saba, tukaanza kuchanga.

Tulienda Julai 2022 tukakosea mengi. Tukarudi Julai 2023 tukakosea machache. Haya ndiyo ninayowaambia wanaoniuliza namna ya kwenda.

Lakini kwanza tahadhari. Tangu vita vilipoingia Goma mwezi wa kwanza wa 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, njia za ziwani na za nchi kavu si zile nilizozipita. Usifunge mzigo kwa kusoma maneno yangu tu. Piga simu kwa mtu anayelala kisiwani, si kwa anayemjua mtu wa kisiwani, kisha umpigie tena asubuhi ya safari. Ukisikia anasita kujibu, baki nyumbani. Mananasi ya Idjwi utayakuta hata sokoni Nyawera, hapa mjini.

Kuchagua majira

Ziwa na maporomoko havipendi majira yaleyale, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Maporomoko hunona wakati wa mvua, yaani kuanzia Septemba hadi Mei. Lakini mvua za kwetu huja na radi, na radi ya kwetu si ya mchezo: watafiti waliohesabu miali ya radi kwa setilaiti, wakatoa orodha yao mwaka 2016, waliiweka milima ya magharibi mwa Kivu ya kwanza Afrika na ya pili duniani, nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela tu. Mtu asikudanganye kwamba mawingu meusi "yatapita upande." Ukiwa katikati ya maji ndani ya boti ya mbao, wewe ndiye mti mrefu.

Ukisubiri Agosti, ziwa unalipata bila mvua, lakini vijito vimekonda na vilima vimejaa moshi wa mashamba yanayochomwa. Sisi tumechagua wiki ya kwanza ya Julai. Shule zimefungwa, mvua imekwisha, na maji ya mlimani bado yana sauti.

Halafu tazama mwezi wa angani. Sambaza, wale samaki wetu wadogo, wanavuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa ya mvuvi haiwavuti tena, na asubuhi unakuta vikapu vitupu na bei imepanda. Ukienda giza la mwezi utakula sambaza mpaka uombe maharage.

Pesa, na nani ana neno la mwisho

Mwaka 2023 kila mmoja wetu alitoa dola 60 kwa siku nne: boti, malazi, chakula, pikipiki, gari la kwenda Lwiro, upande wa maporomoko, na kiongozi wa msituni. Bei zimebadilika tangu hapo, ila mgawanyo wake haukosei sana: karibu nusu ilikwenda kwenye usafiri. Badilisha sehemu kubwa iwe franka, noti ndogondogo, kabla ya kuondoka mjini. Kisiwani hakuna wa kukuvunjia dola ishirini ya nanasi moja. Na dola utakazobaki nazo zikague moja moja mchana kweupe, maana unajua tabia yetu: noti yenye mpasuko hata wa ukucha hairudi tena kuwa pesa.

Chagueni mweka hazina mmoja. Sisi tulimpa Furaha, anayeuza vitenge Kadutu, kwa sababu haoni haya kusema hapana. Kazi ya pili watu huisahau: chagueni mtu mmoja mwenye neno la mwisho kuhusu maji. Akisema tunaondoka, tunaondoka. Akisema hatupandi, hatupandi, na hakuna kupiga kura. Mtu huyo asiwe yule anayependa sana kuogelea.

Nasema hivi kwa sababu ya yaya Bahati (yaya kwetu ni ndugu mkubwa, si mlezi wa watoto). Mwaka 2022 tulipatana kuondoka kisiwani asubuhi. Yaya Bahati, ambaye ni mkubwa wetu na tunamheshimu, akasema maji ni matamu, tukae mpaka baada ya chakula. Nani amkatalie yaya? Tukapanda saa nane mchana. Nusu saa baadaye upepo ukaamka, mawimbi yakaanza kupiga ubavuni, Neema akatapika kwenye mfuko wa unga, na papa kapita, yaani nahodha wetu, bila kumuuliza mtu, akageuza boti akaiingiza kwenye ghuba ndogo. Tukalala hapo kwenye nyumba ya mama mmoja mvuvi, saba kwenye mikeka miwili. Siku ya maporomoko ikaliwa. Yaya Bahati mwenyewe ndiye aliyependekeza mwaka uliofuata kwamba neno la mwisho apewe Neema.

Basi panga hivi: maji yote ya kuvuka yavukwe asubuhi. Kisiwa kiwe mwanzo wa safari na maporomoko ya bara yawe mwisho, na katikati acha siku moja tupu isiyo na kazi. Upepo ukiichukua, umepoteza siku ya kupumzika tu.

Bichi na boti

Usiku mmoja kabla, shuka bichi ya Muhanzi, bandari ndogo ya hapa Bukavu, ukaione boti kwa macho yako. Usitume mtu. Tazama ndani, chini ya mbao za kukanyagia: maji kidogo ni kawaida, lakini ukimkuta kijana anakomba kwa kopo bila kupumzika wakati boti bado haijapakiwa, shukuru uondoke. Muulize kapita ataondoka saa ngapi na anapakia nini. Jibu la "tutaona" maana yake ni kwamba anasubiri mzigo wa saruji.

Jileti, yaani koti la kuokolea majini, nalo lisiwe la kuonyeshwa tu. Liombe, livae, funga mikanda yote, kisha mwambie mwenzako akuvute mabegani kwenda juu. Likipanda mpaka masikioni, si saizi yako. Lililolaliwa kama mto miaka mitano limeshakufa ndani. Sisi mwaka 2023 tulikodi mjini ya kwetu, tukayabeba mgongoni kama wanafunzi, watu wa bichi wakatucheka. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova na watu wengi kupita kiasi ilizama karibu kabisa na Kituku, Goma, watu wakiitazama kutoka ufukweni. Makumi ya watu walikufa mbele ya macho ya ndugu zao. Tangu siku hiyo sijasikia kicheko cha jileti.

Boti iwe inaondoka alfajiri, saa kumi na mbili, au saa moja ikichelewa. Beba kitambulisho, yaani kadi ya mpiga kura, na uiweke mahali pakavu lakini pa karibu, kwa maana utaulizwa unapopanda na unaposhuka. Simu ifunge ndani ya sashe mbili za plastiki. Usipige picha bandarini wala picha ya askari. Si suala la ushujaa, ni suala la kufika.

Boti yetu ilichukua karibu saa tatu hadi Idjwi Kusini. Kaa upande wa magharibi asubuhi ukitaka kuona milima ya Kalehe ikipakwa jua. Ukitaka kulala, kaa karibu na magunia, hayasongi.

Kukanyaga kisiwani

Idjwi ina machifu wawili wa jadi: Rubenga upande wa kaskazini, ambako pia ndiko kuna Bugarula, makao ya utawala, na Ntambuka kusini. Kila unapolala, kajitambulishe kwanza kwa mkuu wa mahali. Si rushwa wala urasimu. Kisiwani kila mtu anajua nani kashuka kutoka boti gani, na mgeni asiyejulikana na chifu hana wa kumtafuta akipotea. Kiswahili kinaeleweka, lakini muombe motari, yule mwenye pikipiki, akufundishe salamu ya Kihavu njiani. Mimi niliitamka vibaya mbele ya wazee watatu, wakanisahihisha kwa zamu, na baada ya hapo nikapata mwenyeji.

Umeme wa nyaya usiutafute; ni paneli za jua hapa na pale. Magari ni machache mno. Utatembea, au utapanda pikipiki kati ya migomba na kahawa. Beba tochi, betri ya akiba ya simu, na shuka zito. Watu husikia "kisiwa cha joto" wakadhani Zanzibar. Kivu iko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Usiku utatafuta sweta, na mchana jua litakuchoma bila wewe kuhisi joto. Neema ni mweusi kuliko sisi sote, akadhani hayamhusu. Mabega yake yalibambuka wiki nzima.

Mchanga uko wapi

Sasa jibu la yule mtoto. Sehemu kubwa ya ukingo wa Idjwi ni mawe na udongo unaoteremka wima hadi majini. Mchanga upo, ila umejificha ndani ya ghuba, hasa pale kijito kinapoingia ziwani, kwa sababu ndicho kilichouleta. Ni vipande vifupi. Kimoja tulichokipenda kilikuwa na urefu wa uwanja wa volebo, tukakigawana na mbuzi.

Na hapo kuna mtego. Mdomo wa kijito wenye mchanga mzuri ndio pia wenye matete, maji yaliyotulia na konokono, na konokono ndiye mwenye kichocho. Ziwa letu watu hulisifu kuwa halina mamba, na ni kweli, wakasahau mdudu asiyeonekana. Kwa hiyo ukifika ufukweni usivue nguo mara moja. Tembea. Tafuta mchanga ulio mbali na matete, unaopigwa na mawimbi, ambao watu hawaoshei vyombo wala hawaendi haja juu yake. Ingia asubuhi kabla ya upepo, usikae majini kwa masaa, jifute vizuri ukitoka. Wiki sita hivi baada ya kurudi, nenda kapime. Furaha alikutwa nacho mwaka 2022, akameza vidonge vya prazikwanteli, vikamaliza. Maji ya ziwa usiyanywe bila kuyachemsha, hata yakiwa maangavu kama glasi. Kipindupindu hakina rangi.

Jambo la pili ni kina. Upande wa kaskazini Kivu inashuka karibu mita 480, na mteremko huo unaanza karibu sana na miguu yako. Hatua tatu maji yako kiunoni, hatua ya nne hakuna chini. Asiyejua kuogelea ashike bidoni la manjano la lita ishirini, tupu, kifuniko kimekazwa, limefungwa kamba kiunoni mwake na kamba nyingine mkononi mwa mtu aliyesimama mchangani. Ndivyo watoto wa pale wanavyojifunza, na ndivyo nilivyojifunza mimi nikiwa na miaka thelathini na nne, mbele ya watoto hao, ambao hawakunionea huruma.

Muulize mama yeyote unayemkuta wapi wanawake huogea na wapi wanaume. Kila kijiji kina mgawanyo wake hata kama hujauona. Sisi wanawake tuliingia na kitenge juu ya nguo ya kuogelea, tukakivulia ndani ya maji.

Kila mara kuna anayeuliza: "Na gesi?" Naam, chini kabisa ya Kivu kumeyeyuka gesi nyingi, takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za methani. Imelala huko chini, imefunikwa na uzito wa maji, na anayeogelea ukingoni haikutani naye. Cha kuogopa ni mazuku, ile gesi inayotoka ardhini na kutuama kwenye mashimo na mabonde madogo, hasa pande za Goma na Sake, hata ufukweni. Huko usimlaze mtoto kwenye kishimo, wala usijilaze wewe. Ukiona ndege au panzi wamekufa mahali pa chini penye kivuli, panda juu kwanza, maswali baadaye.

Jioni, kaa ufukweni. Wavuvi huondoka kwa mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, fito ndefu zimechomoza mbele na nyuma kama masharubu ya panzi, wakiimba ili makasia yaende pamoja. Sambaza wenyewe si wenyeji: waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakaoleana na Kivu vizuri kuliko wakwe wengi ninaowajua. Amka saa kumi na moja na nusu, wapokee wavuvi wanaporudi, nunua kwa kopo. Kausha kidogo, mafuta ya moto sana, chumvi, pilipili. Bugali wa muhogo mtapika wenyewe au mtamlipa mwenyeji apike, mlipeni.

Maporomoko

Kisiwani kuna vijito vinavyoruka mawe. Watoto walitupeleka kwenye kimoja nyuma ya shamba la kahawa, kirefu kama nyumba ya ghorofa moja, maji baridi ya kukata pumzi. Hakiko kwenye ramani yangu ya ubaoni. Ukitaka cha namna hiyo usiulize "maporomoko," uliza "maji yanayopiga kelele." Wape watoto daftari na kalamu kupitia kwa mama zao, si noti mkononi.

Maporomoko makubwa tuliyafuata bara, kwenye msitu wa Tshibati, juu ya Lwiro, kando ya Hifadhi ya Kahuzi-Biega. Kutoka Bukavu unapita Miti na Kavumu. Hapo usiende bila walinzi wa hifadhi. Wao ndio wanaojua kama njia iko wazi, na wakikataa usitafute kijana wa kukupitisha pembeni. Mwenye mafua abaki Lwiro, kwa maana wanyama wa msitu ule, sokwe na gorila, wanaambukizwa magonjwa yetu. Mwaka 2023 aliyebaki alikuwa yaya Bahati, akapiga chafya ya hasira.

Vaa botini au raba zenye meno, soksi juu ya suruali kwa ajili ya siafu, mikono mirefu kwa ajili ya upupu. Kandambili ziache. Jiwe lenye kijani limeloa hata kama linaonekana kavu. Pita kwenye jiwe jeusi au la kijivu, na usishike mti kabla ya kuutazama. Chini ya maporomoko usiruke kamwe. Ingia kwa miguu, ukipima mbele kwa fimbo, na usisimame pale maji yanapoangukia, kwa sababu maji hayo hushuka na mawe na matawi. Sikiliza pia. Sauti ikibadilika kuwa nzito, au maji meupe yakianza kuwa ya chai, mvua imenyesha juu ambako hukuoni. Chukua viatu mkononi, panda ukingoni, vaa ukiwa juu.

Sisi tulikaa pale saa moja na nusu. Kelele ni kubwa kiasi kwamba watu sita wanaopenda kubishana hawakuweza. Furaha akatoa daftari la hazina, akaandika kitu, akatuonyesha: zimebaki franka 23,000. Neema akaichukua kalamu, akaandika chini yake: mananasi. Tuliyanunua njiani tukirudi, tukayagawa Feu Rouge, mjini, usiku, moja moja, na lile lililozidi akapewa yaya Bahati aliyebaki Lwiro.